Biblia ya Kiebrania neno kwa neno na Kiingereza chini yake, nimekaa nayo miezi nane sasa

Nianze na kilichonichanganya siku ya kwanza manake najua na wewe kitakuchanganya. Nilifungua Mwanzo 1:1, nikaweka macho kushoto kama mtu yeyote aliyezoea vitabu vyetu, nikasoma yale maneno madogo ya Kiingereza yaliyopangwa chini ya herufi za Kiebrania, nikapata "the-earth and the-heavens God created in-beginning". Nikasema aah hiki kitabu kimechapwa kinyumenyume. Kumbe wa kinyumenyume ni mimi. Kiebrania kinaanzia kulia, na kila neno limebeba kitafsiri chake chini ya miguu, kwahiyo Kiingereza cha chini ya neno moja unakisoma kushoto kwenda kulia kama kawaida, ukimaliza hilo neno unaruka tena kwenda kushoto kulitafuta linalofuata. Macho yanaenda mbele yanarudi nyuma kama unasuka ukili. Wiki mbili za kwanza kichwa kilikua kinauma kabisa, sitanii.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, wenyewe wanaiita intalinia. Yaani mstari wa Kiebrania upo mzima, juu ya kila neno kuna namba ya kulitafuta kwenye kamusi, chini kuna maana ya Kiingereza ya neno hilohilo tu, alafu pembeni ya peji kuna tafsiri ya Kiingereza iliyonyooka ili usipotee. Yangu ni ya karatasi, bonge la kitabu, na kwenye simu natumia programu ya bure inayofanya kazi ileile. Navitumia pamoja kwahiyo maoni haya ni ya vyote viwili, na aliyechapa hicho cha karatasi simtaji manake nina malalamiko yangu huko mbele.

Hukumu naitoa hapahapa ili mwenye haraka aende zake: ni kifaa kizuri sana ila wengi wanakichukua kwa sababu isiyo yake. Wanadhani humo watakuta maana halisi ya Biblia ambayo watafsiri waliificha. Hiyo haimo. Kilichomo ni kuona maandiko yalivyoshonwa, neno gani limerudiwa, nani anaongea na nani, kipi mtafsiri kaongeza ili sentensi yake isimame. Na jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo, mtu anayejua Kiswahili anaona vitu kwenye ile mistari ambavyo Kiingereza cha chini kinavipita tu kama havipo. Hapo ndo nitakaa sana, mnivumilie.

Chukua aya hiyohiyo ya kwanza. Ina maneno saba tu: bereshit bara Elohim et hashamayim ve'et ha'aretz. Neno la nne, "et", chini yake hamna kitu, kitabu changu kimeweka kistari, programu imeacha peupe. Nilidhani wamesahau. Kumbe "et" haitafsiriki, kazi yake ni kukuonyesha kwamba kinachofuata ndo kinachotendewa, na inatokea pale ambapo kitu hicho kinajulikana, mbingu zile, nchi ile. Kiingereza hakina pa kuiweka. Lakini sisi tunayo jirani yake! Sema "nimesoma kitabu" alafu sema "nimekisoma kitabu". Hiyo "ki" iliyojipenyeza katikati mwambie Mwingereza akutafsirie atakutolea macho, ila wewe unajua tofauti, cha pili ni kile kitabu ambacho mimi na wewe tulishakizungumzia. Sio kitu kimoja na "et", tusidanganyane, ila siku nilipoona undugu huo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo nikapigwe na upepo.

Lingine ni "ka". Simulizi za Kiebrania zinatembea kwa vitenzi vinavyoanza na va-, vayyomer, vayyelekh, vayyikkach. Kiingereza cha chini kinaandika "and-he-said", "and-he-went", "and-he-took", ukisoma peji tatu umechoka, unaona kama mtoto anasimulia ndoto yake, ndo maana tafsiri za Kiingereza za siku hizi zinazikata hizo "and" nyingi. Sasa nenda Mwanzo 22:3 pale Ibrahimu anaondoka na Isaka alafu uhesabu: akaamka mapema, akatandika punda wake, akachukua vijana wake wawili na Isaka mwanawe, akapasua kuni, akaondoka, akaenda. Hiyo ndo va- yenyewe! Ni ile "ka" ya bibi akisimulia hadithi usiku, kitendo kimeshika mkia wa kitendo hamna nafasi ya kupumua. Baba anampeleka mwanawe kwenda kumchinja na maandishi hayasemi neno hata moja kuhusu anavyojisikia, ni aka, aka, aka mpaka mlimani. Miaka yote nilikua naisoma kwa Kiswahili sikuwahi kujua kwamba ule mwendo ni wa Kiebrania.

Na sura hiyohiyo ina "hineni", yaani mimi hapa. Ibrahimu anaisema mara tatu, kwa Mungu aya ya 1, kwa Isaka aya ya 7, kwa malaika aya ya 11. Neno moja, herufi zilezile. Kuna tafsiri ya Kiingereza inayosomwa na watu wengi sana ambayo pale kwa Isaka imeweka "Yes, my son?", Kiingereza kizuri tu, ndivyo baba anavyomjibu mtoto, ila ukisoma hiyo peke yake huwezi kujua kwamba yule mzee amemjibu mwanawe kwa neno lilelile alilomjibu Mungu aliyemtuma amchinje. Kwenye intalinia unaliona tu, herufi zinafanana, hata usipojua kusoma. Kwa kazi ya namna hii kifaa hiki nakipa mia kwa mia.

Alafu kuna jambo la wewe na ninyi. Kiingereza cha leo kina "you" moja ya watu wote, cha zamani kile cha Biblia ya King James ya mwaka 1611 kilikua na "thou" na "ye" kwahiyo kilijua, cha leo hakijui. Mwanzo 2:17 Mungu anamwambia mtu usile, umoja, "lo tokhal". Sura ya 3 nyoka anamuuliza mwanamke eti Mungu amesema msile, wingi, "lo tokhlu", na mwanamke anajibu kwa wingi vilevile. Chini ya maneno yote hayo kitabu changu kimeandika "you-shall-eat", basi. Ukiwa na Kiingereza tu unapita. Biblia ya Kiswahili inakuonyesha waziwazi, usile, msile. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa kwa anayeanza ni kuweka Biblia ya Kiswahili mezani pamoja na hiki kitabu, usikubali kuambiwa kwamba Kiebrania kinafikiwa kwa Kiingereza tu.

Zaburi 23 nayo. Ukitoa kichwa chake, mwanzo wake ni maneno manne tu, wakati Kiingereza cha King James kimetumia tisa. "Ro'i" ni mchungaji wangu, neno moja, hiyo "i" ya mwisho ndo "wangu". Ile "is" ya Kiingereza iko kwenye mabano kwa sababu kwenye Kiebrania haipo, Kiebrania hakihitaji "ni" hapo. "Lo echsar" ndo sitapungukiwa. Kiingereza wameandika "I shall not want" na siku hizi mtu anaisoma kama kutokutaka kitu, kumbe "want" ya zamani ilikua kukosa. Ila uhondo uko aya ya 6, wema na fadhili zitanifuata. Neno ni "yirdefuni", na hiyo "ni" ya mwisho ni mimi, kama "ni" yetu ya zi-ta-ni-fuata, imesadifu tu wala usijenge undugu wa lugha juu yake, ila inapendeza jamani. Sasa bofya namba yake uone kitenzi hicho kimetumika wapi kwingine. Kutoka 14, Farao na magari yake wakiwakimbiza Waisraeli baharini. Ni kukimbiza, kuandama! Wema hauji nyuma taratibu kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni, unakuandama. Kiingereza cha chini kwenye kitabu changu kimeandika "shall-follow-me" kwa heshima zote. Programu imeandika "pursue". Kifaa kilekile, maandiko yaleyale, na tayari maana zimepishana, kumbuka hilo.

Nisije nikaonekana nawapendelea Waswahili, kuna mahali Kiingereza kinatushinda vibaya. Kiebrania kinatenganisha mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, vayyomer ni akasema mwanamume, vattomer ni akasema mwanamke. Sisi "a" ni ya wote. Soma Ruthu sura ya 3 kwa Kiswahili, Naomi, Ruthu na Boazi, akamwambia, akamwambia, akamwambia, mpaka urudi nyuma uulize jamani nani anamwambia nani. Kiingereza kina "he" na "she" wala hupotei.

Tukija kwenye maneno, hapa Mswahili anaingia na mzigo tayari mgongoni bila kujua, kwa sababu Kiarabu na Kiebrania ni ndugu na sisi tulikopa sana kwa Kiarabu. Nefesh nafsi, ruach roho, dam damu, mavet mauti, kever kaburi, chokhmah hekima, berakhah baraka, navi nabii, mal'akh malaika, eretz ardhi. Hesabu zao sita, saba na tisa utazisikia kabisa. Ezekieli anaitwa "ben adam" kila saa, Kiingereza "son of man", sisi tunalo neno lenyewe limeungana na kuwa mwenyeji, binadamu. Hata ule mfumo wao wa mzizi wa konsonanti tatu unaosumbua sana watu, sisi tunaujua, kitabu, katibu, maktaba, zote ni k-t-b, na Kiebrania katav ni aliandika, mikhtav ni maandishi. Mwanzo 31:47 Labani anataja lile chungu la mawe kwa Kiaramu, Yegar Sahaduta, mi nikaona "sahaduta" nikacheka peke yangu, ushahidi huo! Kiingereza cha chini hakikunisaidia chochote pale kwa sababu walichukulia ni jina wakaliacha lilivyo.

Ila angalia, undugu unadanganya pia. Mayim ni maji, na utaapa ni neno moja, lakini maji yetu ni ya Kibantu hayakutoka huko. Na nefesh sio nafsi kila mahali. Zaburi 69 mwanzoni mtu analia kwamba maji yamemfika kwenye nefesh, tafsiri za siku hizi zinasema shingoni, na ndivyo ilivyo, anazama, nefesh inagusa koo na pumzi. King James wameweka "soul", maji yameingia rohoni. Wao pia ndo kwenye Mwanzo 2:7 Adamu akiwa "nefesh chayyah" wakaandika "living soul", alafu 1:24 wanyama wakiwa "nefesh chayyah", maneno yaleyale mawili, wakaandika "living creature". Mtu amejenga mahubiri mazima kwamba binadamu ana nafsi hai na mnyama hana. Intalinia inamaliza ubishi huo kwa nusu dakika, unaona herufi hizohizo juu ya ng'ombe. Tafsiri nzuri ya nefesh ni ipi, hiyo ni kesi nyingine na kitabu hakitakuamulia.

Sasa namba. Zile namba za juu ni za James Strong, Mmarekani aliyetoa orodha yake ya maneno yote ya King James mwaka 1890, na upande wa Kiebrania zinaanzia 1 mpaka 8674. Kazi ya ajabu, nampigia saluti. Lakini ndo mahali watu wanapopotelea. Namba inakupa neno la kamusi, haikupi lilivyonyambuliwa. Fikiria mgeni anasoma Kiswahili kwa namba, "alimpiga", "amepigwa", "walipigana", "atampigisha", zote nne juu yake imeandikwa namba moja ya "piga". Mgeni anajua kuna kupiga, nani kampiga nani hajui, na siku akikuta "piga pasi" atadhani pasi imepata kipigo. Ndivyo wewe ulivyo na hizo namba. Kwa mfano lamad, namba 3925, ni kujifunza, alafu ikinyambuliwa kidogo, limmed, ni kufundisha, kama soma na somesha, namba ni ileile. Kitabu cha karatasi kinakuachia hapo. Programu ukibofya inakueleza ni nafsi ya ngapi, wakati gani, mnyambuliko gani, na hii peke yake inanifanya niseme kama unachagua kimoja chagua ya simu.

Kosa lingine ni kufungua namba, kukuta maana kumi na mbili, alafu kuzimwaga zote kwenye aya moja. Neno haliji na ukoo wake wote kila linapoitwa. Na mzizi sio maana. Lechem ni mkate, milchamah ni vita, konsonanti l-ch-m ziko kote kuwili, nimemsikia mtu akifundisha kwa sauti kubwa kwamba kula mkate ni kupigana vita. Jamani. Basi na mpiga picha na mpiga debe wapelekwe polisi kwa kupiga.

Na misemo ndo kabisa haipiti kwenye neno kwa neno. Kutoka 34:6 Mungu ni "erekh appayim". Neno kwa neno ni mrefu wa pua. Maana yake si mwepesi wa hasira, sababu kwa Kiebrania hasira iko puani, pua inawaka, na pua ndefu inachelewa kupata moto. Kitabu kikikuandikia "long of nose" unachanganyikiwa, kikikuandikia "slow to anger" kimeshaacha kuwa neno kwa neno. Hamna njia ya tatu. Jaribu kumuelezea mtu kwa mtindo huohuo kwamba fulani ana mkono wa birika, au bibi yako amekula chumvi nyingi, uone kama hatamuonea huruma bibi kwa presha.

Malalamiko sasa. Kitabu changu fonti ni ndogo kupita kiasi, na karatasi ni nyembamba mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Kwenye lugha nyingine ungevumilia, Kiebrania hapana, manake nukta na vistari vya chini ya herufi ndo irabu zenyewe. Maandiko ya mwanzo yalikua konsonanti tupu, irabu walikuja kuziweka Wamasora, waandishi wa Kiyahudi wa Tiberia, kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi, kufuata usomaji waliorithi. Bila irabu ni kama nikuandikie "pk" ujue mwenyewe ni paka, pika au pako. D-b-r inaweza kuwa davar, neno, au dever, tauni. Sasa nukta ikifutika kwenye uchapaji na wewe ndo kwanza unajifunza, umekwisha. Na herufi zinazofanana! Dalet na resh zimepishana kwa kajipembe kadogo nyuma. Mi nilisoma jioni nzima "acher", mwingine, mahali palipoandikwa "echad", mmoja, sasa fikiria kosa hilo kwenye Kumbukumbu la Torati 6:4, Bwana ni mmoja, umeshatoka kwenye dini. Nilijisikia mpumbavu mpaka nikajua kwamba waandishi wenyewe waliliogopa kosa hilo, kwenye aya hiyo dalet ya echad inaandikwa kubwa kuliko wenzake, na Kutoka 34:14, usimsujudie mungu mwingine, resh ya acher nayo inaandikwa kubwa. Karne na karne watu wanalinda kajipembe, alafu mchapaji wangu kanibania fonti.

Namba za aya nazo zitakusumbua. Kiebrania kinahesabu kichwa cha zaburi kama aya kikiwa kirefu, kwahiyo Zaburi 51:1 ya Kiingereza na ya Kiswahili ni 51:3 kwa Kiebrania. Yoeli ana sura 4 huko, kwetu 3. Malaki ana 3, kwetu 4. Kitabu changu kinafuata Kiebrania katikati na Kiingereza pembeni bila kukwambia chochote, mi nilidhani nimeuziwa chenye peji pungufu. Danieli kuanzia katikati ya 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 ni Kiaramu wala sio Kiebrania, na hapo pia kitabu kimenyamaza, ningetegemea angalau kanukuu kadogo pembeni.

Kuhusu maandiko yenyewe hamna shida, yangu na ya programu yote yanafuata Kodeksi ya Leningrad, iliyoandikwa Cairo mwaka 1008 au 1009 na leo iko maktaba ya taifa ya Urusi huko St. Petersburg, ndo muswada wa zamani kuliko yote wa Biblia nzima ya Kiebrania ulio kamili. Mahali ambapo kilichoandikwa na kinachosomwa vinatofautiana Wamasora waliweka kinachosomwa pembeni, na programu inaonyesha vyote. Jina la Mungu lenye herufi nne halisomwi lilivyo, linasomwa Adonai, na Kiingereza kinaweka "LORD" kwa herufi kubwa zote, kwahiyo ukiona herufi kubwa ujue kuna hizo nne chini yake.

Programu za bure zipo nzuri. STEP Bible ya Tyndale House ya Cambridge haina longolongo, unagusa neno linafunguka. Sefaria ni maktaba ya Kiyahudi, yenyewe inaweka Kiebrania na Kiingereza aya kwa aya sio neno kwa neno, ila inakufungulia na wafafanuzi wa zamani kina Rashi, na ni dawa nzuri kwa mtu anayedhani ye ndo wa kwanza kuliona tatizo. Ile bereshit ya mwanzo kabisa, Rashi alishaijadili karne ya 11, kwamba inaweza kusomwa "Mungu alipoanza kuumba".

Pa kuanzia, usianze na Isaya, utaacha. Anza na Yona, sura 4 aya 48, simulizi inaeleweka, maneno yanajirudia. Fuata namba 3381 tu, yarad, kushuka. Anashuka Yafa. Anashuka ndani ya meli, na hapa Kiswahili kinapigwa chenga kwa sababu kwetu chombo kinapandwa, huwezi kusema ameshuka melini akaelewa mtu kwamba ndo anaondoka. Anashuka chini kabisa ya meli analala, na hata hilo neno la kulala usingizi mzito, vayyeradam, linasikika kama yarad. Alafu tumboni mwa samaki anasema nimeshuka hadi misingi ya milima. Mtu anapewa kazi ya kuondoka na kwenda, ye anashuka tu. Tafsiri za Kiingereza zinaweka "went down", "went aboard", "gone below", "sank", kila mahali la kwake, na wala hazikukosea.

Nyota nakipa kitabu cha karatasi tatu, programu nne na nusu, hiyo nusu nimeitoa kwa sababu inategemea intaneti na simu ikiwa mkononi nusu saa ya Kiebrania inageuka kuwa nusu saa ya kusoma meseji.

Sasa hivi niko Ayubu na mwendo umekua wa kinyonga, aya mbili kwa usiku nikijitahidi. Juzi nimekwama 6:6, anauliza kama kuna ladha kwenye "rir challamut". Rir najua, ni mate, ndo yaleyale yaliyomtiririka Daudi kwenye ndevu alipojifanya kichaa. Challamut inatokea hapo tu Biblia nzima. Kitabu kimeandika ute wa yai. Programu imeandika utomvu wa mmea fulani wa porini. Namba juu yake ni moja. Nimechora alama ya kuuliza kwa penseli, nikalala.